Land Rover ya SU kwenye dampo la shamba la mkonge: ninunue au niache?

BARUA

Shikamooni mafundi wa safu hii.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, nina miaka 31, naishi Korogwe. Mwezi uliopita nilipata kazi ya kufunga waya kwenye nyumba iliyo jirani na shamba la zamani la mkonge. Nyuma ya karakana ya shamba kuna dampo la vyuma: mifupa ya matrekta mawili, ngoma ya mashine ya korona ya kuchakata mkonge, friji ndefu nyeupe isiyo na waya wa umeme, na Land Rover ya kizamani, ile ndefu.

Nimeikagua kwa macho tu. Bodi imepauka lakini haina kutu popote. Taa kubwa mbili zimebanana katikati kwenye wavu wa mbele, hazipo kwenye mabega kama Land Rover nyingi ninazoziona barabarani. Ndani kuna kibati cha namba inayoanza na 252 na kuishia na herufi C. Injini ipo, ila kabureta imeng'olewa na tundu lake limebaki wazi. Feni haizunguki hata ukiining'inia. Kiti kimoja hakipo, matairi yameoza, na mwarobaini umetoboa sakafu ya nyuma ukatokea juu. Mlangoni, chini ya rangi iliyobanduka, zinasomeka herufi SU na tarakimu mbili.

Mlinzi wa pale, mzee wa heshima zake, anasema shamba lilimwachia vitu vile badala ya mishahara aliyodai. Anataka milioni nne, na friji ananiongezea bure. Kadi ya gari hana. Wanunuzi wa skrepa kutoka Tanga wameshamtajia bei, na Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja na mitungi ya gesi kuikata.

Mjomba wangu ana gereji. Anasema gari isiyo na kutu haiachwi, nilipe haraka, kadi "itatafutwa". Mke wangu anasema niache kabisa. Akiba yangu ni milioni tano na nusu. Naomba mniambie: je, ile gari inafaa? Injini iliyokwama ina dawa? Nitaitoaje pale? Na ile friji inatumia nini?

Msomaji wenu, Korogwe

JIBU

Marahaba, kijana wetu.

Tuanze na kauli ya mjomba, maana ndiyo iliyokupa joto. Bodi ya Land Rover ya enzi hizo haina kutu kwa sababu haiwezi kushika kutu. Ni aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, inaitwa Birmabright. Land Rover ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa ya aluminiamu. Unaweza kuikuta gari mabati yake yamenyooka na yanang'aa, kumbe chini chasisi, yaani fremu inayobeba gari, imekuwa kama biskuti iliyolowa. Chukua sumaku ndogo upite nayo: kwenye mabega na milango haitashika, kwenye chasisi na ukuta wa mbele itashika. Pale inaposhika ndipo pa kukagua. Mjomba anaijua kazi yake, ila safari hii amekagua mahali pasipooza.

Maelezo uliyotupa yanatosha kuitambua gari yenyewe. Namba inayoanza na 252 ni Series IIA ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza. IIA zilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, na taa zikahamishiwa kwenye mabega mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo yako ni ya kabla ya hapo. Herufi ya mwisho inaonyesha toleo la mabadiliko ya kiwandani, na itakufaa sana siku ya kuagiza vipuri. Injini yake ya asili ni ya silinda nne, lita 2.25. Tunasema "ya asili" kwa sababu nyingi zimeshabadilishwa zikawekwa za Kijapani. Hakikisha iliyomo ndiyo yenyewe: namba ya injini imegongwa kwenye bloku, mbele, karibu na tundu la kwanza la manifoldi ya eksozi.

Usikiamini kibati peke yake, kwa kuwa kinahamishika kutoka gari moja kwenda nyingine kwa dakika tano. Namba inayohesabika ni ile iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na pale springi inaposhikiliwa. Patakuwa na tope la miaka mingi. Paka dizeli, subiri robo saa, sugua kwa brashi ya waya pole pole, kisha pitisha chaki nyeupe juu yake na ufute kwa kiganja. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo ya namba. Usitumie grinda hapo hata kwa sekunde moja. Ukiila ile namba umeiua gari, na huenda ukaja kuulizwa kwa nini uliifuta.

Sasa SU. Wewe umeitaja kama alama ya rangi tu, lakini ndiyo habari kubwa katika barua yako. SU ni Shirika la Umma. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, yakaendeshwa na shirika la umma, kisha miaka ya 1990 yakaanza kuuzwa tena kwa watu na makampuni binafsi. Kwa hiyo gari ile ina wenyewe wawili wanaowezekana: aliyenunua shamba, kama mauzo yalihusisha mitambo na magari, au serikali bado, kama haikuhusishwa. Mali za mashirika ya umma zinasimamiwa na Msajili wa Hazina, na huuzwa kwa kibali na mnada, si kwa kupeana mikono karakanani. Mlinzi hayumo katika orodha hiyo, hata awe mkweli kiasi gani. Na huenda ni mkweli kweli: ni jambo la kawaida wafanyakazi kuachwa wanadai na kuambiwa "chukueni hivyo vyuma". Lakini neno la mdomo halihamishi gari.

Tunachokushauri ufanye wiki hii, kabla ya spana yoyote, ni kumtafuta meneja au mwakilishi wa mwenye shamba wa sasa. Ofisi ya mtendaji wa kijiji inamjua. Mpelekee barua fupi ya kuomba kununua, ukitaja namba ya chasisi, kibati na zile herufi za mlangoni, nakala moja kwa mtendaji, na umwombe akugongee muhuri wa kupokea. Barua hiyo inafanya kazi mbili. Inaanzisha njia yako ya halali, na inawasimamisha watu wa mitungi ya gesi, kwa sababu meneja akishajua kwamba mali inakatwa bila idhini yake atatuma mtu siku hiyo hiyo. Kuwakimbiza wanunuzi wa skrepa kwa kulipa haraka kuliko wao ndilo kosa ambalo wauzaji wa namna hii wanalitegemea.

Kama ni kweli shamba lilimpa mzee vitu vile, meneja aandike: orodha ya vitu, jina la mzee, sahihi na muhuri. Hapo mzee anakuwa muuzaji halali na heshima yake inabaki. Kama mali ni ya shamba, utanunua kwa shamba, na mzee umpe chake cha kukuonyesha na kukulindia. Kama ni ya serikali, itabidi usubiri utaratibu, na tunakuambia mapema kwamba huwa mrefu.

Ukiwa na namba ya chasisi mkononi, nenda TRA uulize kama imo kwenye mfumo na kwa jina la nani. Magari mengi yaliyolala tangu zama za namba zinazoanza na TZ hayakuhamishiwa kwenye namba za sasa za T, kwa hiyo usishangae wasipoiona mara moja. Omba waangalie kumbukumbu za zamani na wakuandikie wanachohitaji. Kama kadi ilikuwepo ikapotea, anayekwenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu ni mmiliki, si wewe. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, uwe na namba ya chasisi, namba ya injini, namba za NIDA za pande zote mbili, na orodha ya vitu visivyokuwepo. Hela ipite benki au kwenye simu.

Kuhusu kadi ya "kutafutwa", njia hiyo mafundi wote wanaijua: kununua kadi ya gari nyingine iliyokufa na kugonga namba upya. Ni jinai. Mkaguzi yeyote makini anaiona, kwa kuwa herufi za kugonga kwa mkono hazikai mstari mmoja wala kina kimoja. Mjomba asikuingize huko.

Hapo sasa tuingie chini ya gari.

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi bapa nene, tochi, brashi ya waya, na gunia la kulalia. Kabla ya kulala, gonga bodi kwa fimbo kutoka mbali usubiri. Nyuki hupenda boksi la kiti na nyuma ya rejeta, na nyoka hupenda kivuli cha ekseli. Piga bati kwa sauti, zunguka, sikiliza. Kisha hakikisha gari haijabebwa na jeki ya mtu wala na ule mwarobaini. Kama matairi yamekaa chini na springi zimelala, kuna nafasi ya kutosha.

Chasisi ni boksi la bati la takribani milimita 2, lenye uwazi ndani. Tope na majani huingia kwa matundu na hayatoki, kwa hiyo inaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona kutu juu, ndani hali ni mbaya zaidi. Anza katikati, chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo mara nyingi pamebaki pazima. Gonga usikie: mlio mkali, unaorudi mkononi, kama kugonga reli. Ukariri mlio huo. Sasa rudi nyuma ukigonga kila urefu wa kiganja. Ukifika mahali mlio ukafa, ukawa kama unagonga debe lenye mchanga, hapo weka ncha ya bisibisi na uisukume kwa nguvu ya mkono mmoja. Ikibonyea au kutoboka, zungushia chaki. Usikose kugonga boriti ya nyuma kabisa inayoshika ndoano, sehemu ya juu ya tangi la mafuta, mabano ya springi yote, mikono inayotoka pembeni kubeba ukuta wa mbele, na pembe mbili za mbele. Kisha hesabu duara zako. Mawili matatu kwenye mikono ya pembeni au boriti ya nyuma ni kazi ya kawaida ya kuchomelea, vipande hivyo hukatwa vikawekwa vipya. Mabano ya springi yakiwa yameoza, au reli kuu ikiwa imetoboka pande mbili zinazotazamana, hiyo si chasisi tena. Uingereza bado zinatengenezwa mpya zilizochovywa zinki, lakini bei yake pamoja na meli itaimeza akiba yako yote, na namba yako ya asili itabaki kwenye chuma cha zamani. Kwa mfuko wako, chasisi ya namna hiyo ndiyo mwisho wa mazungumzo.

Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na miguu yako, nao ni chuma. Tazama sehemu za kukanyagia, nguzo za milango, na pembe za chini ya kioo. Tundu la kukanyagia si ajabu na linazibika. Nguzo za milango zikiwa zimeoza, milango haitafunga sawa hata ukinunua bawaba mpya. Na ukikuta unga mweupe pale aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye mistari ya riveti, ujue metali mbili na unyevu vimekuwa vikifanya betri. Wewe fundi umeme huhitaji maelezo zaidi. Safisha, weka plastiki au rangi nene katikati kabla ya kurudisha.

Injini iliyokwama, tofauti na unavyodhani, ndiyo shida yako ndogo. Hapa kwetu maji hayagandi, bloku hazipasuki kwa baridi kama za Ulaya. Kinachokutisha ni lile tundu la kabureta. Mvua imeingia humo miaka yote, ikapita kwenye vali zilizokuwa wazi na kukaa juu ya pistoni. Kwa hiyo meneja akikuruhusu, siku hiyo hiyo ziba tundu kwa kitambaa na nailoni, ziba na bomba la eksozi. Chomoa dipstiki: oili ikiwa kama chai ya maziwa, ina maji, fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) uimwage. Toa plagi nne. Changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, nusu lita jumla, gawa kwenye silinda nne. Mchanganyiko huo unashika moto haraka, usivute sigara wala kuwasha grinda jirani. Acha siku tatu, ongeza, acha wiki.

Kabla ya kuzungusha, fungua kifuniko cha vali, legeza shafti ya roka (mikono inayokandamiza vali) na utoe vijiti vya kusukuma vali, ukivipanga kwa mpangilio wake kwenye boksi lililotobolewa. Watu wengi huruka hatua hii. Vali iliyokwama kwa kutu haitashuka. Ukiilazimisha injini kuzunguka, kijiti kinapinda, na wewe utadhani ni pistoni bado imeng'ang'ania. Kisha weka spana kubwa kwenye nati ya mbele ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), au hendeli kama ipo, usukume mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo. Unatafuta mtikisiko wa milimita moja. Ukiupata, umeshinda, endelea siku hadi siku. Usirukie hendeli, na usikubali kamwe kuvutwa na trekta gia ikiwa imeingia. Ringi zinavunjika na kukwaruza silinda. Wiki mbili zikipita bila dalili, silinda hedi itolewe. Hata hapo dawa ipo: bloku hii inakubali kuchongwa mara nne kwa pistoni kubwa zaidi, hadi inchi 0.040.

Ikishazunguka, kaza tena roka na uache nafasi ya vali ya inchi 0.010. Plagi nafasi milimita 0.75, pointi milimita 0.35 hadi 0.40, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2. Oili mpya inachukua karibu lita 7 pamoja na filta. Petroli ya tangi la zamani usiiguse. Tundika chupa ya lita moja. Halafu jambo la fani yako: katika nyingi za kabla ya 1967, ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukiunga kwa mazoea ya magari ya leo utaunguza kitu. Fuata waya mnene unaotoka kwenye bodi uone kikalio chake ni cha ncha nene au nyembamba. Nene ni chanya. Na nati zake nyingi ni za inchi. Spana ya 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi, itazunguka mara mbili, ya tatu itakata pembe. Nunua seti ya 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8 kabla ya kwenda.

Kuitoa pale. Mwarobaini ukatwe juu na chini ya sakafu, kipande cha katikati ukitoe kwa msumeno wa mkono. Usiivute gari juu ya mti. Weka lever yenye kirungu chekundu katikati, hapo giaboksi ndogo imeachia. Kama lever imeshikana, fungua propela shafti zote mbili, nati nne kila mwisho, spana ya 9/16. Usiburute gari magurudumu yakiwa yamekwama, maana shafti za ekseli ya nyuma za 109 ndizo udhaifu wake unaojulikana, zinakatika. Breki zikiwa zimeganda, rudisha adjasta, fungua skrubu za ngoma, gonga ngoma kwa kuzunguka hadi iachie. Vumbi la humo lilowanishe kwa maji na ulifute. Breki shuu za zama hizo zilikuwa na asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa hewa. Rimu zikiwa za vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, usiguse nati hizo kabla ya kutoa upepo wote. Matairi ni 7.50-16, bado yanapatikana kwa sababu malori madogo yaliyatumia. Gari nzima ni kama tani moja na nusu: tafuta lori lenye kreni, mikanda ishike chasisi mbele na nyuma, si bampa.

Bei. Tangu tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, kila mwenye chuma chenye pembe nne anaona dhahabu. Usibishane na mzee kwa hisia. Uliza bei ya kilo ya chuma Tanga siku hiyo na bei ya aluminiamu, ambayo iko juu zaidi. Hesabu kilo 1,200 za metali, ukishatoa matairi, vioo na vilivyokosekana. Hiyo ndiyo bei ambayo mnunuzi wa skrepa anaijua na wewe huijui, na ndiyo unayoanzia. Karatasi zikikamilika na chasisi ikiwa nzima, ongeza juu yake kwa moyo mweupe. Karatasi zisipopatikana, gari hiyo haitaingia barabarani kihalali, na thamani yake kwako ni vipuri tu, navyo ununue kwa mwenye mali anayetambulika. Milioni nne kwa gari isiyo na kadi, kabureta wala mwenyewe, hapana. Na akiba usiitumie zaidi ya theluthi moja kwa ununuzi. Breki, nyaya, kabureta, rejeta na lori vitakula iliyobaki kabla hujagusa rangi.

Friji. Hiyo ni ya mafuta ya taa, aina waliyobuni wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Misheni, zahanati na nyumba za mameneja zisizo na umeme zilizitumia. Haina mota wala kompresa. Nyuma kuna mabomba ya chuma yaliyofungwa moja kwa moja kiwandani yenye amonia, maji na haidrojeni kwa shinikizo kubwa; moto wa utambi chini ndio unaozungusha kila kitu. Angalia jambo moja kwanza: unga au michirizi ya njano kwenye mabomba. Hiyo ni kromati ya sodiamu iliyowekwa kuzuia kutu, ina sumu, na ikionekana nje maana yake bomba limevuja. Friji hiyo imekufa. Usiiguse kwa mkono mtupu, usiikune.

Kama ni safi, ilaze kichwa chini usiku mzima, isimamishe, iache siku nzima itulie. Ipime kwa pima maji pande zote mbili, maana ikiinama kidogo tu haizungushi. Safisha bomba la moshi na kipande cha bati kilichopinda ndani yake, weka utambi mpya, kata sawasawa, washa hadi moto uwe wa bluu usio na ncha ya njano. Ipe saa 24 kabla ya kuhukumu. Iwe kibarazani, si chumbani kwa kulala, kwa sababu ya hewa ya moshi. Na fundi friji wa mtaani akikuambia itobolewe ijazwe gesi, mwondoe kwa adabu. Mabomba hayo hayajazwi, na ukiyachomelea yanalipuka.

Mke wako mwambie hivi: wiki hii hutoi hata shilingi, unapeleka barua tu.